Kujisajili Kusoma Katuni Mtandaoni: Mwongozo kwa Msomaji wa Afrika Mashariki

Hadithi za katuni, yaani masimulizi yanayoendeshwa kwa michoro iliyopangwa ndani ya fremu huku maneno ya wahusika yakiwekwa kwenye viputo, kwa muda mrefu ziliwafikia wasomaji wa Afrika Mashariki kwa karatasi peke yake, kama ilivyokuwa kwa Juha Kalulu wa Edward Gitau katika gazeti la Taifa Leo nchini Kenya, au kwa Kingo wa James Gayo na jarida la Sani nchini Tanzania. Tangu mwaka 2007, hata hivyo, wachapishaji wakubwa wa Marekani, wakifuatwa na wenzao wa Japani, wamefungua maktaba za kidijitali ambazo msomaji huziingia kwa usajili, yaani kwa kulipa ada inayojirudia kila mwezi au kila mwaka badala ya kununua kitabu kimoja kimoja. Mwongozo huu unaeleza maktaba hizo huuza nini hasa, zinapatikana wapi, hulipiwa vipi, na ni msomaji wa aina gani anayepata thamani ya fedha yake.

Wengi huanza kwa kulinganisha bei, lakini bei haisemi mengi kabla msomaji hajajua kwamba maktaba za Marekani na za Japani zimejengwa kwa mantiki mbili zinazopingana. Mchapishaji wa Marekani hufanya kipya kiwe ghali na cha zamani kiwe rahisi, kwa hiyo anayejisajili kwake hununua hasa hazina ya miaka iliyopita. Mchapishaji wa Japani hutoa kipya bure au kwa bei ndogo sana siku ileile kinapotoka, kisha hutoza fedha kwa sura za katikati ambazo msomaji aliyechelewa hawezi kuzikwepa. Msomaji asiyeitambua tofauti hii huishia kulipia maktaba kubwa ya Marekani kwa matumaini ya kusoma kilichotoka wiki hii, halafu akashangaa kwamba hakikuwemo.

Maktaba za Marekani

Nchini Marekani hadithi za katuni hutolewa kwa desturi katika matoleo membamba ya kila mwezi, kila toleo likiwa na kurasa 20 hadi 22 za hadithi na kuuzwa kwa takriban dola 3.99 au 4.99. Matoleo hayo huuzwa zaidi katika maduka maalumu ya katuni, na maduka hayo huyanunua kwa masharti kwamba yasiyouzwa hayarudishwi, jambo linalomfanya mwenye duka abebe hasara yote ya kile kilichomdodea. Kama mchapishaji angeliweka toleo jipya katika maktaba ya kidijitali siku hiyohiyo kwa ada ndogo, duka lingekosa wanunuzi na mchapishaji angepoteza soko lake kuu. Hapo ndipo kilipo chanzo cha kipindi cha kusubiri, yaani muda unaopita kati ya siku toleo linapoingia madukani na siku linapoingia katika maktaba ya usajili.

Marvel Unlimited, iliyozinduliwa Novemba 2007 kwa jina la Marvel Digital Comics Unlimited, ndiyo iliyodumu kuliko nyingine za aina yake. Mwanzoni kipindi chake cha kusubiri kilikuwa cha miezi sita hivi, na baadaye kikapunguzwa hadi mitatu. Maktaba yenyewe ina zaidi ya matoleo 30,000, yakiwemo yale ya miaka ya 1960 yaliyowaleta Spider-Man na X-Men na ya miaka ya karibuni. Ada yake kwa miaka mingi imekuwa dola 9.99 kwa mwezi au dola 69 kwa mwaka. Anayelipa kila mwezi kwa mwaka mzima hutoa dola 119.88, na kwa hiyo aliye na hakika kwamba atasoma kwa miezi saba au zaidi hufaidika na ada ya mwaka, ilhali asiye na hakika hiyo afadhali alipe mwezi mmoja, asome kwa bidii, kisha aache. Kwa kuwa matoleo matatu mapya yakinunuliwa moja moja hugharimu zaidi ya dola 9.99, msomaji anayemaliza hata toleo moja kwa wiki amekwisha kurudisha fedha yake, mradi awe tayari kusoma kilichokwisha kupoa.

DC, wachapishaji wa Batman na Superman, walipita njia ndefu zaidi. Mwaka 2018 walianzisha huduma ya DC Universe iliyochanganya filamu na katuni, na Januari 2021 wakaondoa filamu na kuigeuza kuwa DC Universe Infinite, kwa dola 7.99 kwa mwezi au 74.99 kwa mwaka, kipindi cha kusubiri kikiwa miezi sita. Mwaka 2022 waliongeza daraja la juu liitwalo Ultra, ambalo hupunguza kusubiri hadi mwezi mmoja hivi. Ugumu kwa msomaji wa Afrika Mashariki uko kwenye mpaka zaidi kuliko kwenye bei: huduma hiyo ilianza Marekani pekee, na ilipopanuliwa mwaka 2022 ilielekea Kanada, Uingereza, Australia na New Zealand, bila nchi yoyote ya Afrika Mashariki kuwamo katika upanuzi huo. Kwa Mswahili anayeishi Toronto au London huduma hiyo ni chaguo halisi. Aliye Arusha au Kisumu na ahakikishe kwanza kwamba programu inaonekana katika duka la programu la nchi yake kabla hajapanga lolote.

Mpaka wa namna hii, ambao wenye biashara huuweka kwa sababu haki za kuchapisha huuzwa nchi kwa nchi, huwashawishi baadhi ya wasomaji kutumia VPN, yaani programu inayoficha mahali kifaa kilipo. Njia hiyo kwa kawaida huvunja masharti ya huduma, na mara nyingi hukwama kwenye malipo, kwa kuwa kadi hutambulisha nchi ya benki iliyoitoa. Anayeitumia hujiweka katika hatari ya kufungiwa akaunti aliyokwisha kuilipia mwaka mzima.

Maktaba za Japani, na ukanda wa Korea

Manga, yaani katuni za Kijapani, husomwa kutoka kulia kwenda kushoto na kwa kawaida huchapwa kwa rangi nyeusi na nyeupe, sura fupi baada ya sura fupi, katika majarida manene ya kila wiki au kila mwezi. Jarida maarufu kuliko yote, Weekly Shonen Jump la kampuni ya Shueisha, lilianza mwaka 1968, na humo ndimo zilimotoka Dragon Ball, Naruto na One Piece. Kwa miaka mingi wapenzi wa manga nje ya Japani walizisoma katika nakala zilizopigwa skani na kutafsiriwa bila ruhusa, ambazo wakati mwingine zilienea mtandaoni kabla jarida lenyewe halijafika kwenye vibanda vya Tokyo. Wachapishaji walitambua kwamba hawawezi kushindana na wizi kwa kumchelewesha msomaji, kwa hiyo wakachukua hatua iliyo kinyume na ya Wamarekani: kutoa tafsiri rasmi siku ileile.

Matokeo yake ni milango miwili inayoelekea chumba kimoja, na msomaji wa Kiswahili hana budi kujua ni upi uliofunguliwa kwake. Mlango wa kwanza ni huduma ya Shonen Jump inayoendeshwa na Viz Media ya Marekani, iliyozinduliwa upya Desemba 2018 kwa dola 1.99 kwa mwezi na baadaye ikapanda hadi 2.99, ambapo msomaji hupewa hadi sura 100 kwa siku kutoka hazina nzima, na sura tatu za mwisho za hadithi zinazoendelea husomwa bure. Kwa bei hiyo ni vigumu kupata kitu kinachoishinda: One Piece, iliyoanza Julai 1997 na kupita sura 1,100, inaweza kumalizwa na msomaji mwenye macho magumu ndani ya wiki mbili, yote kwa ada ya mwezi mmoja. Lakini orodha ya nchi za huduma hiyo ni fupi, na barani Afrika imeitaja Afrika Kusini, bila Kenya wala Tanzania.

Mlango wa pili ni Manga Plus, iliyofunguliwa na Shueisha yenyewe Januari 2019 kwa ajili ya dunia nzima isipokuwa Japani, China na Korea Kusini, na huu ndio unaomfaa msomaji wa Dar es Salaam, Kampala au Lubumbashi. Kwa utaratibu wake wa msingi, sura tatu za kwanza na tatu za mwisho za hadithi inayoendelea husomwa bila malipo, na zilizo katikati ndizo zenye kufungwa. Oktoba 2023 iliongezwa huduma ya kulipia iitwayo Manga Plus Max, yenye madaraja mawili: la dola 1.99 kwa mwezi linalofungua hadithi zinazoendelea, na la dola 4.99 linaloongeza zile zilizokwisha. Msomaji anayefuata hadithi mbili au tatu kila wiki na ambaye hajarudi nyuma hahitaji kulipa hata senti moja. Anayeingia katikati ya hadithi ndefu atalipia daraja la kwanza kwa mwezi mmoja au miwili mpaka awafikie wenzake, kisha aache. Daraja la pili lina maana kwa anayetaka kuzisoma kazi zilizomalizika, jambo ambalo kwa kweli ndilo starehe kubwa zaidi ya manga, kwa kuwa tofauti na Spider-Man, hadithi ya Kijapani kwa kawaida ni ya mwandishi mmoja na ina mwisho.

Wakorea wana njia ya tatu. Webtoon ya kampuni ya Naver, iliyoanza Korea Kusini mwaka 2004 na kufungua toleo la Kiingereza mwaka 2014, huchapisha katuni zilizochorwa tangu mwanzo kwa ajili ya simu, zikiwa katika ukanda mmoja mrefu wa rangi unaosomwa kwa kuusogeza kutoka juu kwenda chini. Sehemu kubwa husomwa bure, na asiyetaka kusubiri sura zijazo huzilipia kwa sarafu za ndani ya programu. Huu si usajili kamili, na tena una mtego wake, kwani sarafu hutoka kidogo kidogo bila mtu kuhisi; mwenye pupa ya kujua kitakachofuata hutumia zaidi ya dola 4.99 kwa mwezi kabla hajakumbuka kuhesabu.

Kifaa na bando

Ukurasa wa katuni ya Kimarekani ulichorwa kwa karatasi yenye upana wa takriban sentimita 17 na urefu wa sentimita 26, na ukibanwa kwenye simu janja ya kawaida maneno yake hayasomeki. Kampuni ya comiXology, iliyoanzishwa New York mwaka 2007, ilijaribu kutatua tatizo hilo kwa mfumo wa kuonyesha fremu moja baada ya nyingine, ambapo kila mguso wa kidole huyapeleka macho kwenye fremu inayofuata, na huduma nyingine zikauiga. Mfumo huo husaidia, ila huvunja kazi ya mchoraji, ambaye hakuipanga fremu kubwa kando ya ndogo kwa bahati tu bali kwa kusudi la kuongoza jicho na pumzi ya msomaji. Kwa hiyo anayedhamiria kusoma katuni za Marekani kwa mwaka mzima anahitaji kishikwambi chenye kioo cha inchi 10 hivi, hata kiwe cha mtumba, na gharama hiyo haina budi kuingizwa katika hesabu. Manga huvumilia simu vizuri zaidi kwa sababu fremu zake ni chache na viputo vyake ni vikubwa, na katuni za ukanda wa Kikorea hazihitaji kingine isipokuwa simu.

Suala la bando hufuata mpangilio huohuo. Toleo la rangi la Kimarekani linaweza kula makumi ya megabaiti, sura ya manga yenye rangi nyeusi na nyeupe hula kiasi kidogo zaidi, na namna bora ya kujua ni kusoma toleo moja kisha kutazama katika mipangilio ya simu programu imetumia kiasi gani, na kuzidisha kwa idadi ya matoleo yanayotarajiwa kwa mwezi. Pale ambapo kuna Wi-Fi ofisini, chuoni au nyumbani kwa jamaa, inafaa kutumia uwezo wa kupakua, yaani kuhifadhi matoleo ndani ya kifaa ili yasomwe bila mtandao, uwezo ambao Marvel Unlimited inao. Kinachopakuliwa kwa namna hii bado ni mali ya huduma, na usajili ukiisha hakifunguki tena.

Malipo

Karibu huduma zote hizi hutaka kadi ya Visa au Mastercard, au malipo kupitia duka la programu la Google au Apple. Asiye na kadi ya benki si lazima akate tamaa: nchini Kenya, Safaricom na Visa walianzisha mwaka 2022 kadi isiyo na umbo iitwayo M-Pesa GlobalPay, ambayo humwezesha mwenye akaunti ya M-Pesa kulipa katika tovuti za nje, na huduma za namna hiyo zipo pia kwa mitandao ya simu ya Tanzania. Kadi ya aina hii ina faida nyingine ambayo wengi hawaitaji, nayo ni kwamba ikiachwa fedha inayohitajika tu katika akaunti ya kulipia, ada isiyotarajiwa haina mahali pa kuchota.

Bei inayotangazwa kwa dola siyo itakayokatwa. Benki au mtandao wa simu hubadilisha fedha kwa kiwango chake, ambacho huwa juu ya kile kinachotangazwa na benki kuu, na kodi ya ongezeko la thamani, yenye kiwango cha kawaida cha asilimia 16 nchini Kenya na asilimia 18 Tanzania Bara, inaweza kuongezwa juu ya huduma ya kidijitali kutoka nje. Anayepanga bajeti kwa shilingi afanye hesabu kwa kile kilichokatwa mwezi wa kwanza, wala asitegemee tangazo.

Usajili wote hujihuisha wenyewe, yaani ada ya kipindi kipya hukatwa bila kuulizwa. Kuifuta programu kwenye simu hakusitishi usajili, na hili ndilo chanzo cha malalamiko mengi; aliyejisajili kupitia Google au Apple husitisha ndani ya sehemu ya usajili ya duka hilo, na aliyejisajili kwenye tovuti ya mchapishaji husitisha kwenye tovuti hiyohiyo. Kwa kawaida anayesitisha mapema huendelea kusoma hadi kipindi alicholipia kiishe, kwa hiyo hakuna hasara katika kujisajili leo na kusitisha leo, hasa pale huduma inapotoa siku chache za majaribio bila malipo.

Kupanga si kumiliki

Usajili ni sawa na kupanga nyumba: mwenye nyumba akiuza au akibomoa, mpangaji hutoka na virago vyake tu. Marvel walipata haki za kuchapisha hadithi za mhusika Conan mwaka 1970, haki hizo zikahamia kwa mchapishaji Dark Horse mwaka 2003, zikarudi Marvel mwaka 2019, na mwaka 2023 hadithi mpya zikawa za mchapishaji Titan. Mhusika wa namna hii, ambaye mchapishaji humkodi kutoka kwa wenye haki, anaweza kutoweka katika maktaba bila msomaji kuulizwa. Hata aliyenunua hana usalama kamili. Mwaka 2013 huduma ya JManga, iliyouza manga kwa Kiingereza kwa ushirikiano wa wachapishaji wa Kijapani, ilifungwa, na walionunua wakapoteza vitabu walivyolipia kwa kuwa havikuwahi kuwa mikononi mwao bali kwenye seva za muuzaji. ComiXology nayo ilinunuliwa na Amazon mwaka 2014, na Desemba 2023 programu yake ikamezwa na ile ya Kindle. Kwa sababu hiyo kitabu ambacho msomaji anajua atakirudia afadhali akinunue kwa karatasi, au katika faili lisilo na kufuli. Faili la CBZ, kwa mfano, si chochote zaidi ya picha za kurasa zilizofungwa pamoja, na hufunguka kwa programu nyingi za bure.

Faili za namna hiyo hupatikana kihalali na bila malipo katika Digital Comic Museum, inayokusanya katuni za Kimarekani za zamani ambazo haki zake hazikuhuishwa na sasa ni mali ya umma. Waswahili wanaoishi Marekani au Kanada wana njia bora zaidi, ambayo inashangaza jinsi isivyotumiwa: kadi ya maktaba ya umma mara nyingi hufungua huduma ya Hoopla, inayokopesha katuni na vitabu bila ada, kwa idadi ya mikopo iliyowekwa na kila maktaba kwa mwezi.

Kuanza kusoma

Kati ya matoleo 30,000 ya Marvel Unlimited, tatizo huwa ni kuanza. Hadithi za Kimarekani zimeunganishwa kiasi kwamba tukio kubwa kama Civil War la mwaka 2006 na 2007 lina matoleo makuu saba lakini limetawanyika katika makumi ya matoleo mengine, na msomaji mgeni anayejaribu kuyafuata yote huchoka kabla hajaelewa. Afuate mwandishi mmoja kwa mfululizo mmoja: Black Panther ya Christopher Priest iliyoanza 1998, au ile ya Ta-Nehisi Coates iliyoanza 2016, au Ms. Marvel ya G. Willow Wilson ya mwaka 2014, ambayo haidai maarifa yoyote ya awali. Msomaji wa Afrika Mashariki anaweza pia kuanza na Giant-Size X-Men namba 1 ya mwaka 1975, iliyoandikwa na Len Wein na kuchorwa na Dave Cockrum, ambamo anaingia Storm, binti wa mama Mkenya, akiabudiwa kama mungu mleta mvua na watu wa Kenya. Kenya hiyo ilichorwa na watu wa New York, na kuikagua kwa jicho la mwenyeji ni burudani ambayo waliouandika mfululizo huo hawakuitegemea.

Kwa watoto, mzazi aangalie alama ya umri iliyo kwenye kila mfululizo, kwa kuwa maktaba hizi huchanganya hadithi za shule ya msingi na kazi za watu wazima kama zile za tawi la MAX la Marvel. Lugha nayo haina njia ya mkato: Marvel Unlimited na DC ni za Kiingereza, na Manga Plus ina lugha kadhaa zikiwemo Kifaransa, Kireno na Kiindonesia, bila Kiswahili. Anayetaka katuni katika lugha yake, au katika Sheng kama Shujaaz iliyoanza Kenya mwaka 2010 na kugawiwa bure ndani ya gazeti la Daily Nation, ataitafuta nje ya usajili huu, na fedha aliyoiokoa kwa kusitisha miezi asiyosoma inatosha kununua kazi ya mchoraji wa mjini kwake.

Kabla ya kusitisha, msomaji anakili mahali pengine jina la kila mfululizo aliokuwa akiusoma na namba ya toleo alilofikia. Akirudi baada ya miezi minne au mitano kwa ada ya mwezi mmoja, atakuta matoleo yote yaliyotoka kabla ya kipindi cha kusubiri yameshaingia, na atajua aanzie wapi.